Pua Iliyovunjika: Jicho Kwanza, Picha Baadaye

Tuseme ni jioni ya Jumamosi katika uwanja wa shule ya sekondari, mahali fulani kati ya Nachingwea na Ruangwa. Wavulana wawili wanaruka kuuwania mpira mmoja, na kichwa cha mmoja kinaipiga pua ya mwenzake. Damu inatiririka, pua inavimba, na haupiti muda macho yanazungukwa na weusi. Mwalimu wa zamu anampakia mwanafunzi kwenye pikipiki na kumfikisha zahanati. Tabibu anamfuta damu, anamtazama usoni, kisha anatamka maneno yaliyokwisha kuwa desturi: "Mpelekeni akapigwe eksirei, ndipo tutajua kama pua imevunjika." Wazazi wanapigiwa simu. Korosho zilizosalia ghalani zinauzwa kwa bei ya haraka ili ipatikane nauli na malipo ya picha. Kwa kuwa kesho yake ni Jumapili, safari inapangwa Jumatatu, na picha inasomwa Jumanne. Wakati huo wote hakuna aliyemulika tochi ndani ya pua ya kijana yule.

Mfano huo nimeubuni, lakini sidhani kama mwalimu yeyote wa wilaya hizi mbili atauona mgeni. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: picha ile ilikuwa na kazi gani? Maoni yangu ni kwamba haikuwa na kazi iliyostahili gharama yake. Kwa pua iliyovunjika peke yake, pasipo dalili za kuumia mahali pengine, eksirei ya kawaida haimwambii tabibu jambo ambalo jicho, kidole na tochi havikuweza kumwambia mapema zaidi. Aidha, imani kwamba bila picha hakuna ujuzi inaweza kumgharimu mgonjwa pua yake.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba nazikataa mashine. Nitaonyesha mahali ambapo picha ni ya lazima kabisa. Ninachokipinga ni mpangilio wa mambo: kuitanguliza mashine mahali panapostahili kutangulizwa uchunguzi.

Pua imejengwaje

Mwanafunzi na ashike pua yake mwenyewe kwa vidole viwili, karibu na macho, kisha ateremshe vidole polepole. Sehemu ya juu ni ngumu wala haitikisiki. Huo ni mfupa; au kwa usahihi zaidi, ni mifupa miwili midogo iliyokutana katikati kama paa la nyumba. Vidole vikishuka kidogo, ugumu unakwisha na pua inaanza kupinda kushoto na kulia bila maumivu. Hapo umeingia katika gegedu. Takriban theluthi moja tu ya juu ya pua ni mfupa. Theluthi mbili zilizosalia zimejengwa kwa gegedu na nyama.

Ndani ya pua uko ukuta wa kati unaoitenganisha tundu moja na nyingine. Sehemu yake ya nyuma ni mfupa mwembamba, na ya mbele ni gegedu. Ukuta huu ndio nguzo inayolishikilia paa. Nguzo ikiharibika, paa hubonyea, hata kama mapaa yenyewe yalikuwa mazima.

Ni muhimu kukumbuka jambo moja kuhusu gegedu: halina mishipa yake ya damu. Hupata chakula na hewa kutoka kwenye utando mwembamba unaolifunika pande zote. Utando ukitengana na gegedu, gegedu hukosa riziki. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hatari kubwa kuliko zote.

Eksirei huona nini

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali isiyoonekana kwa macho ambayo ilipenya karatasi, mbao na nyama ya mwili. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kutolewa. Tangu wakati huo binadamu ameweza kuutazama mfupa wa mtu aliye hai bila kumpasua, na hakuna atakayekana ukubwa wa neema hiyo.

Hata hivyo picha ya eksirei ni kivuli tu. Miali hupita mwilini, mingine ikazuiwa njiani, na iliyobaki huchora kivuli upande wa pili. Nguvu ya kitu kuizuia miali hiyo hutegemea unene wake, uzito wa ujazo wake, na hasa namba ya atomu ya elementi zilizomo. Mfupa una kalsiamu, yenye namba ya atomu 20, na fosforasi, yenye namba 15. Gegedu lina maji mengi, yaani hidrojeni namba 1 na oksijeni namba 8, pamoja na kaboni namba 6. Ndiyo maana mfupa huonekana mweupe na gegedu halionekani.

Wanafunzi wa Ruangwa wanaweza kulielewa jambo hili kwa kutumia madini ya nyumbani. Ardhi ya Ruangwa ina kinywe, ambacho ni kaboni. Kipande cha kinywe safi ni kizito kidogo kuliko kipande cha mfupa chenye ujazo sawa. Lakini vikiwekwa mbele ya eksirei, mfupa ndio utakaoacha kivuli cheupe zaidi. Uzito peke yake haukutosha. Namba ya atomu ndiyo iliyoamua.

Kwa hiyo eksirei ya pua haioni theluthi mbili za pua. Gegedu likipasuka au ukuta wa kati ukipinda, picha inaweza kutoka safi kabisa, na mgonjwa akaambiwa kuwa ni mzima.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Chukua majani mawili ya mkorosho, uyapandanishe, kisha uyainue kuelekea jua. Utaona mistari mingi. Mingine ni mishipa ya jani la mbele, mingine ya jani la nyuma, na yamkini mmoja ni ufa. Je, utautambuaje ufa huo? Picha ya pua inayopigwa kwa upande ina tatizo hilohilo. Mfupa wa kushoto na wa kulia hupandana katika kivuli kimoja. Tena mifupa hiyo ina maungio ya asili na vijia vya mishipa ya fahamu na ya damu, ambavyo vyote huacha mistari. Mstari wa asili huweza kudhaniwa kuwa mvunjiko. Zaidi ya hayo, mifupa ya pua mara nyingi huungana kwa kovu la nyuzi badala ya mfupa mpya, na ufa wa zamani huweza kubaki pichani kwa miaka mingi. Kijana aliyeanguka mwembeni akiwa na umri wa miaka saba anaweza kuonekana amevunjika leo.

Basi tunayo picha inayoweza kukana mvunjiko uliopo na kukiri mvunjiko usiokuwapo. Na hata inaposema kweli, bado haibadilishi tiba. Pua hainyooshwi kwa sababu ina ufa. Hunyooshwa kwa sababu imepinda, au kwa sababu mgonjwa hapumui vizuri. Mfupa uliopata ufa bila kuhama mahali pake hupona wenyewe. Na kama pua imepinda au haikupinda, hilo huonekana kwa macho.

Hatari ambayo haimo pichani

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pua maneno haya yana maana iliyo karibu sana na ukweli.

Pua inapopigwa, damu inaweza kuvilia kati ya gegedu la ukuta wa kati na utando wake. Utando huinuliwa, na gegedu hutengwa na chakula chake. Damu hiyo iliyovilia isipotolewa, gegedu huanza kufa katika muda wa siku 3 au 4 hivi. Mara nyingi vijidudu huingia, na damu hugeuka jipu. Hapo nguzo huyeyuka na pua hubonyea katikati kama tandiko la punda. Kwa mtoto anayekua hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa gegedu hilo ndilo linaloongoza ukuaji wa pua. Tena usaha wa mahali hapo unaweza kueneza vijidudu kuelekea ubongo, na hilo ni jambo la kuhatarisha maisha.

Damu hii haionekani katika eksirei ya kawaida. Huonekana kwa tochi. Tabibu humwinamisha mgonjwa kichwa nyuma kidogo, akaipanua tundu kwa kifaa chake au kwa kidole gumba kinachoinua ncha ya pua, akamulika. Akiona uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, ukiuziba upande mmoja au pande zote mbili za ukuta wa kati, huugusa taratibu kwa kijiti chenye pamba. Ukibonyea kama mto uliojaa maji, kazi ya kutafuta imekwisha. Damu hutolewa siku hiyohiyo kwa mkato mdogo baada ya ganzi, pua ikafungwa kwa ndani ili utando urudi mahali pake, na mgonjwa akapewa dawa za kuzuia vijidudu. Kama zahanati haina mtu wa kufanya kazi hiyo, mgonjwa hupewa rufaa bila kungoja kupambazuke.

Sasa turudi kwa kijana wa mfano wetu. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumanne ni siku 3. Kama damu ilikuwa imevilia, safari ya kutafuta picha imeula muda wote uliokuwapo wa kuliokoa gegedu. Picha itakuja na maneno "hakuna mvunjiko", familia itashukuru, na pua itaanza kuoza ikiwa na cheti cha uzima.

Kalenda ya pua

Uchunguzi wa pua hufuata kalenda. Siku ya kwanza, tabibu husimamisha damu, huangalia kama kuna majeraha mengine ya kichwa na uso, kisha humulika ndani kutafuta damu iliyovilia. Kwa kuwa damu huweza kuvilia baadaye, ni vema kumulika tena katika siku mbili au tatu zinazofuata. Uvimbe wa nje siku hizo huficha umbo, na hakuna haja ya kubishana nao.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 uvimbe hupungua, na umbo la kweli hujitokeza. Hapo ndipo pa kuamua. Tabibu husimama mbele ya mgonjwa, kisha nyuma yake akitazama kwa juu, na kuangalia kama mstari wa pua umenyooka. Hugusa mifupa kwa vidole viwili akitafuta ngazi isiyokuwapo, mtikisiko, au mkwaruzo wa mfupa juu ya mfupa. Humwomba mgonjwa apumue kwa tundu moja moja. Halafu hutaka picha. Ndiyo, picha, lakini picha ya zamani. Kitambulisho cha shule au picha ya harusi ya kaka, iliyopigwa kabla ya ajali, huonyesha pua ilivyokuwa. Watu wengi wana pua zilizopinda kidogo tangu utotoni bila wao kujua. Picha hiyo haina gharama, nayo hujibu swali ambalo eksirei haiwezi kulijibu.

Kama pua imepinda, mtoto hunyooshwa kabla ya siku 7 hadi 10 kupita, na mtu mzima kabla ya wiki 2 hivi. Ukipita muda huo mifupa huanza kushikana, na kazi iliyokuwa ya dakika chache hugeuka upasuaji mkubwa. Ujuzi huu wa kutazama na kugusa si mpya. Hati ya tiba ya Misri ya kale, iliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani Edwin Smith na kutolewa kwa tafsiri na James Henry Breasted mwaka 1930, iliandikwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo. Ndani yake mna maelezo ya majeraha ya pua: mganga anaelekezwa kusafisha damu iliyoganda ndani ya tundu, kuweka vizibo vya kitani, na kuishikiza pua kwa nje. Waliokuwa hawana eksirei walijua pa kuangalia. Ingekuwa aibu kwetu tulio nayo kuacha kuangalia.

Mahali ambapo picha ni lazima

Mwenye kusoma hadi hapa asikimbilie kuhukumu kwamba picha hazina maana usoni. Pua haikai peke yake. Nyuma yake kuna mifupa myembamba inayogusana na macho na sakafu ya ubongo. Anayeanguka na pikipiki katika mwendo wa kasi, au anayepigwa kwa gongo, anaweza kuwa na pua iliyovunjika na jambo kubwa zaidi nyuma yake.

Dalili zifuatazo zapaswa kujulikana na kila tabibu, na si vibaya kila mwalimu akizijua: kupoteza fahamu, kutapika, au kusinzia kusiko kwa kawaida, maji maangavu yanayodondoka puani, ambayo huenda yakawa maji ya ubongo, kuona vitu viwiliviwili, ganzi ya shavu, meno ya juu na ya chini kutokutana kama zamani, taya la juu kutikisika, nafasi kati ya macho mawili kuongezeka. Mmoja wa wagonjwa hawa akipatikana, hatufikirii tena pua. Anahitaji kupelekwa upesi hospitali ya rufaa penye siti-skani.

Siti-skani ni eksirei iliyopewa akili ya hesabu. Miali hupigwa kutoka pande nyingi kuzunguka kichwa, na kompyuta hukokotoa vipimo hivyo na kuchora mwili vipande kwa vipande, mfano wa mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa njia hiyo jijini London tarehe 1 Oktoba 1971, na mwaka 1979 Godfrey Hounsfield na Allan Cormack walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Katika majeraha makubwa ya uso, siti-skani huona yale ambayo eksirei ya kawaida huyaficha katika kivuli.

Hapa yafaa niseme neno juu ya hofu ya mionzi, kwa kuwa wanafunzi huuliza. Picha ya kawaida ya fuvu humpa mtu mionzi midogo sana, kiasi cha sehemu ya kumi ya milisiveti 1. Siti-skani ya kichwa hutoa takriban milisiveti 2. Mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na katika vyakula humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo sisemi kwamba eksirei ya pua itamdhuru kijana. Nasema haimsaidii, na hata gharama ndogo ni kubwa mno pasipo faida.

Masikio yanayoona

Iko mashine nyingine ambayo ingefaa kufikiriwa zaidi katika wilaya zetu, nayo ni altrasaundi. Wananchi wengi huijua kwa kina mama wajawazito. Mashine hii haitumii mionzi ya kuchoma. Hutuma sauti ya mtetemo wa juu usiosikika, kisha husikiliza mwangwi wake. Sauti inapokutana na uso wa mfupa, sehemu yake kubwa hurudi. Uso ulio mzima huchora mstari mweupe usiokatika. Penye ufa mstari hukatika, au huonyesha ngazi.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Kasi ya sauti katika nyama ya mwili ni kama mita 1540 kwa sekunde. Kichwa cha mashine kinachotumika kwa mimba aghalabu hutetema megahezi 3.5, ilhali kile bapa cha kuchunguzia vitu vilivyo karibu na ngozi huweza kutetema megahezi 10. Gawanya kasi kwa mtetemo: urefu wa wimbi wa kwanza ni milimita 0.44, na wa pili milimita 0.154. Wimbi fupi huona kitu kidogo zaidi, ingawa halifiki mbali. Pua iko palepale chini ya ngozi, kwa hiyo wimbi fupi linaifaa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, altrasaundi ya namna hii huona mivunjiko ya mifupa ya pua vizuri kuliko eksirei ya kawaida.

Basi hospitali inayotaka picha ya pua ingefanya vema kununua kichwa bapa cha mashine iliyo nayo tayari na kumfundisha mtu wake, kabla ya kumsafirisha mgonjwa kutafuta kivuli. Lakini hata altrasaundi ije baada ya tochi, wala isichukue mahali pake.

Picha mbele ya sheria

Najua pingamizi moja litakalotolewa. Pua nyingi hazivunjwi na mpira. Huvunjwa na ngumi, na mara nyingine nyumbani. Aliyepigwa hupitia polisi kuchukua Fomu Namba 3, ijulikanayo kama PF3, ambayo tabibu huijaza. Watu husema: bila eksirei, utathibitishaje mbele ya mahakama?

Nami naliona jambo hili kinyume chake. Ikiwa tumekubali kwamba picha huweza kukana mvunjiko uliopo, basi mwanamke aliyepigwa na gegedu lake kupasuka anaweza kunyimwa haki na picha safi. Na ikiwa tumekubali kwamba picha huonyesha ufa wa zamani kana kwamba ni wa leo, basi mtu anaweza kutwikwa kosa lililotendwa na mwembe miaka kumi iliyopita. Ushahidi bora wa jeraha la pua ni maandishi ya tabibu aliyemwona mgonjwa mapema: tarehe na saa, damu ilitoka tundu gani, uvimbe, mchubuko na rangi yake, mtikisiko wa mfupa, mkwaruzo uliosikika vidoleni, hali ya ukuta wa kati, na umbo baada ya uvimbe kushuka. Mchoro wa kalamu pembeni huongeza nguvu. Tabibu anayeandika "pua imeumia, apigwe eksirei" na kuishia hapo ameiacha kazi yake na kumwachia mpiga picha, naye mpiga picha hakuwepo jeraha lilipokuwa bichi.

Somo la karanga

Lipo pia pingamizi la haki. Kwa nini mgonjwa wa Ruangwa anyimwe mashine ambayo mgonjwa wa Dar es Salaam anaipata? Swali hili ni la halali, na jibu langu ni kwamba asinyimwe. Wilaya hizi zinahitaji eksirei nzuri kwa vifua vya wagonjwa wa kifua kikuu, kwa miguu na mikono ya waendesha pikipiki, kwa mtoto aliyemeza sarafu. Lakini usawa hauko katika kupewa kitu kisichofaa. Katika hospitali nyingi za Uingereza, ambako mashine si haba, eksirei ya pua iliyovunjika peke yake haipigwi tena kwa kawaida. Mgonjwa huangaliwa, hurudishwa baada ya siku chache, na huamuliwa kwa umbo lake. Tukiomba usawa, tuombe usawa wa uchunguzi huo.

Tena ardhi ya Nachingwea yenyewe imebeba somo la kutosha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika kwa eneo kubwa mno. Ujumbe wa mwaka 1946 ulioongozwa na John Wakefield uliizunguka nchi kwa majuma machache tu. Mwaka 1947 kazi ikaanza, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaja matrekta, vikaja vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'oa miti. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikaelekezwa Nachingwea. Kumbukumbu za mvua hazikutosha, udongo haukuwa umechunguzwa ipasavyo, na huko Kongwa ardhi iligeuka ngumu baada ya mvua hata jembe likashindwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa ukiwa umeteketeza zaidi ya paundi milioni 35. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960.

Mashine za karanga hazikuwa mbovu. Zilitangulia tu mahali ambapo jicho la mkulima na kiganja cha udongo vilipaswa kutangulia. Pua ya kijana mmoja ni jambo dogo kulinganisha na mpango ule, lakini kosa ni moja.

Nini kifanyike

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya cha Nachingwea na Ruangwa kiwe na tochi nzuri, glavu, kipanuzi cha pua, na karatasi ukutani yenye kalenda niliyoieleza. Gharama yake yote haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya mashine moja.

Pili, matabibu wafundishwe kumulika ukuta wa kati kwa kila pua iliyopigwa, na kuandika walichokiona, hata kama hawakuona kitu. Hospitali za wilaya zikubaliane mapema na zile za rufaa za Lindi na Mtwara, na ile ya misheni ya Ndanda iliyo karibu, juu ya nani wa kupokea mgonjwa mwenye damu iliyovilia, ili mgonjwa asianze kutafuta njia usiku wa manane.

Tatu, shule zetu zijue huduma ya kwanza. Mji wa Ruangwa ni makao ya Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na hakuna kijiji katika wilaya hizi kisicho na kiwanja cha mpira. Mwanafunzi aliyepigwa puani akalishwe, ainame mbele wala asilale chali, na sehemu laini ya pua yake ibanwe kwa vidole dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Asijaribu mtu yeyote kuinyoosha pua uwanjani. Apelekwe kuangaliwa siku hiyohiyo. Na mwalimu wa darasa amuulize kila asubuhi kwa siku zinazofuata: unapumua vizuri? Maumivu yanapungua au yanaongezeka? Una homa? Pua inayozidi kuziba na kuuma baada ya siku mbili si pua inayopona.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kuzunguka redio vijijini kujifunza namna ya kujikinga na maradhi. Kampeni ile ilijengwa juu ya wazo kwamba ujuzi ukimfikia mwananchi mwenyewe, humlinda kabla daktari hajafika. Wazo hilo halijachakaa. Mwanafunzi anayesoma makala haya huenda kesho akawa tabibu wa zahanati ya kijijini kwao. Siku atakapoletewa kijana mwenye pua inayotoka damu, ninamwomba awashe tochi kabla ya kuandika cheti cha picha.